Kamati ya harusi ipo, ya msiba ipo, ya mgonjwa iko wapi?

Ukitaka kumshusha mgonjwa kutoka Igogo mlimani unahitaji watu wanne. Watatu hawatoshi, nimeshajaribu, tulimkwaruza mguu. Kuna lile jiwe la pili ambapo njia inabana mpaka mtu mzima unapita kiubavuubavu, sasa pale wawili wa mbele wanatangulia kushuka na kupokea kwa mabega, wawili wa nyuma wanakaa chini kabisa wanateleza kwa makalio huku wameng'ang'ania pembe za blanketi, na mgonjwa katikati hana la kufanya zaidi ya kuangalia juu. Wa tano ni wa kumulika na simu kama ni usiku, ila huyo hata mtoto wa darasa la nne anafaa. Mkishafika chini barabara ya Kenyatta ndo mnaanza kutafuta bajaji. Watu wa Mwanza mnanielewa, haya mawe yetu yanapendeza kwenye picha, hasa lile la Bismarck pale ziwani, ila mwenye mgonjwa anayaona kwa jicho lingine kabisa.

Mke wangu alianguka jikoni mwezi wa tatu mwaka jana, saa mbili usiku na kitu, alikua anakaanga dagaa. Nilivyoingia nikakuta mdomo umeenda upande, mkono wa kulia umelegea kama nguo, anataka kuniambia kitu na kinachotoka ni mlio tu. Nikatoka nje nikapiga yowe. Wakaja wanne. Mmoja jirani yangu Muislamu katoka kuswali Isha, kanzu bado iko mwilini, akaipandisha akaifunga kiunoni. Mmoja dereva boda ambaye mpaka leo sijui anasali wapi au kama anasali. Wawili ni vijana wa dagaa, ambao kwa bahati walikua nyumbani kwa sababu ilikua mbalamwezi, na kama hujui, dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, mwezi ukiwa mkubwa taa haina kazi na vijana wanapumzika. Mmoja wao alikua ananuka gongo unamsikia kabla hajafika. Wakambeba, wakatoka jasho, wakafika chini, wakasimamisha bajaji, yule wa gongo akapanda na sisi akamshikilia kichwa mpaka hospitali kisha akarudi kwa miguu bila hata kuomba soda.

Alivyoruhusiwa kurudi nyumbani, Jumapili yake tukapata wageni. Kumi na moja, wamependeza, biblia mkononi. Wakaomba saa nzima na nusu, mimi nimesimama tu natoa jasho naangalia saa kwa sababu muda wa kumgeuza ulikua umepita. Wakati wa kutoka mmoja mtu mzima wa kuheshimika akanishika mkono akaniuliza kwa upole kabisa, ndugu yangu, swali moja tu, hivi hapa ndani imani ipo?

Nilimjibu ipo. Ungejibu nini. Lakini lile swali sijawahi kulitoa kichwani, na kadri siku zinavyoenda naona tatizo la makanisa yetu kwenye suala la wagonjwa wa nyumbani limejificha hapohapo, kwamba imani tumeigeuza mtihani, anayefanya mtihani ni mgonjwa na mwenzi wake, na wanaosahihisha ni wageni.

Sasa twende kwenye maandiko, maana wenzetu ndo wanakotupeleka siku zote. Marko sura ya 2. Mtu kapooza, kabebwa na watu wanne, nyumba imejaa, wanapanda juu, wanaitoboa dari, wanaliteremsha godoro na mtu wao juu yake. Biblia yetu imesema godoro, sikuongezea. Kisha inasema Yesu "alipoiona imani yao". Yao. Yule mgonjwa katika habari nzima hajasema neno hata moja, hakuulizwa kama ana imani, hakuombwa ataje dhambi zake, hakuambiwa arudie maneno fulani baada ya mtumishi. Mtu anaweza akasema hiyo "yao" na yeye mgonjwa yumo, sawa, sibishi, inawezekana, lakini kilichoonekana pale ni nini? Ni watu wanne wenye vumbi kichwani wameshika godoro juu ya dari ya mtu. Hiyo ndo imani iliyoonekana kwa macho. (Na mi nimekua nikijiuliza ile dari nani aliitengeneza baadaye, maana mwenye nyumba lazima alipiga kelele, lakini Marko hana habari naye.)

Nikisoma pale siku hizi nawaona vijana wa dagaa na yule jirani na kanzu yake.

Kabla sijaendelea niseme la kwangu, nisije nikaonekana nanyoosha vidole. Mke wangu alikua na presha kwa miaka sita, anameza dawa kila siku asubuhi. Alienda mkutano mmoja wa maombezi, kanisa silitaji, akaombewa, akaambiwa presha imeondoka na dawa ni alama ya mashaka. Akarudi nyumbani akanieleza. Mimi ni mkatoliki, yeye kakulia kanisa la AIC, hayo mambo ya kutupa dawa sio ya kwetu wala ya kwao, ningeweza kusema hapana. Sikusema. Na sababu sio imani, sababu ni kwamba ile hela ya dawa kila mwezi niliona itasaidia kwenye kodi. Tukakaa miezi mitano vizuri tu, yeye anajisikia mzima, mimi nafuu ya mfukoni, tukasema Mungu mkubwa. Presha ndivyo ilivyo, haiumi, haipigi hodi, dawa yake inaishikilia tu kama jiwe unavyoliwekea kigingi lisibingirike, ukitoa kigingi jiwe halianguki dakika hiyohiyo, linasubiri. Likianguka ndo mshipa kichwani unapasuka, au unaziba, sehemu ya ubongo inakosa damu, na hiyo ndo stroku.

Kwa hiyo lile swali la imani liliingia kwenye kidonda. Kwa maana moja imani tuliyoambiwa tuwe nayo ndo ilitufikisha pale.

Na watu wanaosema mwenye imani hahitaji dawa nawaombaga wanisomee mstari mmoja mdogo mwishoni mwa 2 Timotheo, sura ya 4 mstari wa 20, ambapo Paulo anasema Trofimo alimwacha Mileto, mgonjwa. Basi, hakuna maelezo. Paulo yuleyule ambaye Matendo inasema leso zake zilipelekwa kwa wagonjwa wakapona, ana mwenzake wa safari anaumwa, anamwacha kitandani anaendelea na safari, na hasemi Trofimo alipungukiwa imani, hasemi kuna dhambi imejificha. Huyohuyo Paulo kamwambia Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake na magonjwa yanayomjia mara kwa mara. Na kwenye safari zake alikua na Luka, ambaye anamuita tabibu mpendwa. Mi sijasoma chuo cha theolojia, ni fundi simu tu, lakini hii ipo wazi kwa mtu yeyote anayejua kusoma.

Tena kanisa lenyewe huku kwetu lilikuja na sindano mkononi. Bugando pale juu ya kilima, iliyofunguliwa 1971, ni hospitali ya maaskofu katoliki kwa ubia na serikali, na ukienda vijijini Kanda ya Ziwa zahanati nyingi za zamani utakuta zilianzishwa na misheni. Wale wamisionari wangekua wanaamini kidonge ni mashaka wasingejisumbua kubeba masanduku ya dawa kwenye mitumbwi.

Mwaka 2011 mnakumbuka kikombe cha Babu, ile dawa ya kunywa iliyosemwa inaponya magonjwa sugu. Samunge, Loliondo, mchungaji mstaafu wa Kilutheri (KKKT), Ambilikile Mwasapile, kikombe shilingi 500, foleni ya magari haina mwisho, watu wa Mwanza wakakodi gari, wagonjwa wakatolewa wodini wakapandishwa basi, na wapo waliofia njiani. Babu mwenyewe kafariki 2021. Kila nikisikia watu wanacheka habari ile mi sicheki. Kwanza 500 ilikua bei ambayo kila mtu anaiweza, na ukishauza ng'ombe na kiwanja kwa ajili ya mgonjwa utaelewa kwa nini mtu anakimbilia kitu cha 500. Lakini kinachonisumbua zaidi ni kwamba safari ile watu walibebana. Vijana waliacha kazi wiki nzima kumpeleka bibi. Majirani walichangiana mafuta ya gari. Yaani tunao uwezo wa kumbeba mtu mamia ya kilometa kuufuata muujiza, ila kumbeba huyohuyo mita 200 za mawe kwenda kliniki kila mwezi, mwezi wa kwanza, wa pili, wa nane, hapo kila mtu ana udhuru.

Niwaambie hii kazi ikoje kwa ndani, maana wageni wanaiona sebuleni tu.

Mtu asiyeweza kujigeuza anageuzwa kila baada ya masaa mawili, usiku na mchana, la sivyo ngozi ya mgongoni na ya kisigino inakosa damu, inaiva, inafunguka kidonda ambacho kukifunga ni miezi. Masaa mawili maana yake mara 12 kwa siku, mara 360 kwa mwezi. Miezi minne ya mwanzo nilifanya hivyo, binti yetu akinisaidia akitoka shule. Simu yangu ilikua mbovu (fundi simu huyo) nikawa natega alamu kwenye simu za wateja, usiku zinalia mbili kwa pamoja, moja ya Mtukufu mteja wa Mkuyuni ina mlio wa jogoo, mpaka leo nikisikia jogoo naamka mikono imeshanyooka. Meza ya kazi niliihamishia chumbani. Uji unampa kakaa wima, kijiko kidogokidogo, kila kijiko unasubiri uone koo limepanda na kushuka, ukiharakisha unaenda kwenye mapafu, na akimaliza halali mpaka nusu saa ipite. Pampasi za wakubwa, pakiti ya 10 haimalizi siku tatu, na hizo unanunua mwenyewe. Mashuka. Maji ya kufulia mashuka yanapanda mlima kwa ndoo.

Sala zilibadilika. Mimi nilikua mtu wa rozari kila jioni, nikajikuta fungu moja tu silimalizi nimeshalala nimeegemea ukuta. Nikajilaumu sana. Iliyobaki ikawa sala moja fupi, Bwana nishikie huku, kwa sababu kweli kila nikimgeuza nilitamani awepo mtu wa kushika upande wa pili. Na sala nyingine hazikua nzuri. Zaburi ya 88 niliijua kipindi kile, ile ambayo mtu analia mwanzo mpaka mwisho na inaishia gizani hapohapo, hakuna ule mstari wa mwishoni wa kumshukuru Mungu kama zaburi nyingine za kilio, sijawahi kusikia imehubiriwa Jumapili hata siku moja.

Kuna usiku nilimgeuza kwa hasira. Nilimvuta bega kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, na akajua, kwa sababu maneno yalimtoka lakini akili haikumtoka, akaniangalia tu. Nilienda kuungama. Padre akaniuliza nalala masaa mangapi. Nikamwambia sijui, mawili, halafu mengine mawili. Akakaa kimya kidogo kisha akanikumbusha habari za Elia alivyoomba afe chini ya mti, kwamba malaika alipokuja hakumhubiria, alimpa mkate na maji akamuacha alale tena, akamwamsha akampa tena, ndo safari ikaendelea. Malipizi aliyonipa ni kutafuta mtu mmoja wa kukaa na mgonjwa ili mimi nilale masaa manne mfululizo, mara moja kwa wiki. Ile malipizi ilikua ngumu kuliko rozari kumi, maana ilibidi niombe watu, na mwanaume wa huku kuomba mtu aje akushikie mgonjwa wako, acha tu.

Hapo kwenye mwanaume pana mambo yake. Kaka yangu alikuja kutoka Magu akanikuta nimeshika beseni na kitambaa, namsafisha mke wangu. Alitoka nje. Baadaye akaniambia mdogo wangu, tafuta msichana wa kazi, hii sio kazi ya mwanaume, watu wanaongea. Shemeji mwingine, huyu wa upande wangu, alinong'ona kabisa kwamba bado nina nguvu, nioe mwingine, huyu arudishwe kwao akatunzwe na mama yake. Mama mkwe naye akaja kutoka Sengerema, siku hizi anapita juu ya daraja la Kigongo–Busisi tangu lifunguliwe 2025, hasubiri tena kivuko, na kwa heshima ya ukwe hawezi kukaa chumba kimoja na mimi mkwe wake, sasa nyumba yenyewe vyumba viwili, ikawa mimi nikiingia yeye anatoka, anasimama nje kwenye jua mpaka nimalize. Alikaa wiki tatu hivyo. Siku anaondoka aliniita nje, hakuniangalia usoni, akasema wabeja baba, wabeja, yaani asante kwa Kisukuma. Hilo neno moja lilinitosha mwaka mzima.

Sasa mahubiri ya ndoa nimeyasikia mengi, Efeso sura ya 5 naijua kwa kichwa, wanawake watii waume zao, hapo wahubiri wanakaa robo saa. Ukifika mstari wa 25, waume wawapende wake zao kama Kristo alivyolipenda Kanisa akajitoa kwa ajili yake, tunaambiwa maana yake kuleta hela nyumbani na kutopiga. Sijasikia mchungaji au padre hata mmoja aliyesimama akasema maana yake pia ni kujua kuvalisha pampasi. Na huyo Kristo mwenyewe usiku wa mwisho kabla hajafa Yohana anatuambia alivua vazi akajifunga kitambaa akachukua beseni. Beseni kama la kwangu tu.

Kwenye mwezi wa nne tangu aanguke likatokea jambo. Wageni wa maombi walikuja tena, wakaimba wimbo mmoja wa zamani wa kwaya, na mke wangu ambaye hawezi kusema maji, hawezi kusema jina la mtoto wake, akaimba. Maneno yamenyooka, ubeti wa kwanza na wa pili, na sauti ileile aliyokua anaimbia kwaya akiwa msichana. Mimi nilikaa chini. Nililia jamani, sitadanganya. Lakini kabla wimbo haujaisha jamaa mmoja akapaza sauti amepona, simu zikatoka, akarekodiwa, Jumapili ikawa ushuhuda, watu wakaruka ruka.

Jumatatu asubuhi alitaka maji. Alipiga kitanda kwa mkono wa kushoto karibu robo saa, mimi nabahatisha, uji? mto? nikugeuze? redio? dirisha? Akaanza kulia kwa hasira. Wimbo ulikuepo, neno maji halikuepo.

Tulivyoenda kliniki mtaalamu wa mazoezi akanieleza kwamba hiyo inatokea sana, mtu akipata stroku ya upande wa kushoto wa ubongo maneno ya kujitungia yanapotea, lakini vitu vilivyokaa kichwani miaka mingi kama nyimbo na sala vinaweza vikabaki, ndo maana wengine hawawezi kuomba chai ila Baba Yetu wanaimaliza yote. Wapo watakaosema basi kumbe sio Mungu. Mi sisemi hivyo. Aliyeuumba ubongo akaficha nyimbo mahali ambapo stroku haikufika anajua alichofanya, na usiku mpaka leo tunaimba, mimi na yeye, ni maongezi pekee tuliyonayo yenye maneno pande zote mbili. Kilichonikera ni kwamba wimbo wake walimnyang'anya wakaugeuza ushahidi, na hawakurudi Jumatatu. Tena baadhi walivyosikia bado haongei wakaanza kusema familia ile walipokea uponyaji wakashindwa kuutunza.

Unaona jinsi mtihani unavyofanya kazi. Ukipona wamefaulu waombaji, usipopona umefeli wewe.

Ndo nikaanza kufikiria kamati. Sisi Watanzania ni watu wa kamati bwana. Harusi moja ina mwenyekiti, mhazini, katibu, kamati ya vinywaji, kamati ya mapambo, kadi za mchango, grupu la WhatsApp linalokukumbusha ahadi yako saa kumi na moja asubuhi. Ya kwetu watu karibu 300 walikula pilau. Msiba ndo usiseme, mtu akifa saa nne, saa saba turubai limeshafungwa, viti vipo, sufuria za jumuiya ya kanisani zimefika, daftari la rambirambi liko mezani, vijana wa kuchimba kaburi wamejipanga bila kuambiwa. Lakini kati ya pilau na turubai, pale ambapo ndoa yenyewe inaishiwa, hakuna kamati. Na ukikumbuka vizuri, mbele ya wale 300 niliapa katika taabu na raha, katika magonjwa na afya, nao walikua mashahidi, ndo maana tuliwaita. Pilau ya ushahidi waliila.

Nimejaribu kutafuta kwa nini iko hivi na sidhani ni ubaya wa watu. Harusi na msiba vina tarehe, unajua Jumamosi vinaisha unarudi kwenye shughuli zako, ugonjwa hauna tarehe. Halafu vina daftari, nimekuchangia utanichangia, usipoenda kwenye misiba ya wenzako wa kwako utazika mwenyewe, kila mtu anajua hesabu hiyo. Kumfulia mtu mashuka Jumanne hakuna daftari linaloandika. Na hadharani unaonekana, kwenye msiba watu wanakuona umevaa kanga ya jumuiya, nyuma ya nyumba kwenye karo la kufulia nani anakuona. Wengine wanasema ni uchumi, kila mtu ana shida zake, kweli, lakini hela sio kitu nilichokua nahitaji zaidi, nilikua nahitaji masaa na mikono, na mikono kila mtu anayo.

Kwa hiyo kwenye jumuiya yetu nilisimama nikasema. Nilitetemeka. Nikasema nashukuru kwa maombi, ila naomba mtu wa Jumanne. Mwenyekiti akajibu tumelipokea, tutaliombea. Watu wakacheka kidogo, na mimi nikacheka, nikaenda nyumbani nikiwa nimekasirika.

Jumanne ile saa tisa mchana nikasikia hodi. Akina mama watatu wa jumuiya. Mmoja anauza sato Mkuyuni, mikono bado ina magamba. Hawakuomba kwa sauti. Huyu wa sato akauliza mashuka yako wapi akaenda nayo nje, wa pili akapanda kitandani kabisa akakaa nyuma ya mke wangu akamuegemeza kifuani akaanza kumsuka, nywele ambazo mimi nilikua nazifunga kitambaa tu miezi yote ile kwa sababu sijui kusuka, na wa tatu, mkubwa wao, akaniangalia akasema, wewe baba, nenda kalale, ukitoka humo kabla ya saa moja nakurudisha na mwiko. Nililala kwa binti yangu kwenye mkeka. Nilivyoamka giza limeingia, jiko linawaka, mke wangu kasukwa mistari sita, ameshika kioo kwa mkono wa kushoto.

Huyo mkubwa wao wakati anaondoka nilimuuliza, mama, kwani hamkusali leo? Akaniambia tulisali tukiwa tunafua.

Wanakuja mpaka sasa, sio kila Jumanne, mvua ikinyesha mlima haupandiki na mimi nawaelewa. Yakobo anasema mgonjwa awaite wazee wa kanisa wamwombee na kumpaka mafuta, na hilo tunalifanya, padre kaleta Mpako wa Wagonjwa, na hapa niseme kwa wakatoliki wenzangu ambao bado mnakimbia mkimuona padre na mafuta mkidhani ndo mwisho, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulishasema tangu 1963 kwamba sio wa wanaokata roho peke yao. Katekista anapanda na Ekaristi Ijumaa ya kwanza ya mwezi. Mke wangu akipokea anafumba macho muda mrefu, sijui anamwambia nini Mungu wake, kwa kuwa hawezi kuniambia. Sasa hivi anakaa mwenyewe kwenye kiti, anashika kikombe, ana maneno kama kumi na mawili, mojawapo "bado", ambalo analitumia kwa kila kitu, kwa njaa, kwa maumivu, kwa mimi nikitaka kuzima taa.

Yule mtu mzima aliyeniuliza swali nilikutana naye juzi Mkuyuni ananunua betri. Akauliza mgonjwa anaendeleaje. Nikamwambia mzee, Alhamisi tuna kliniki, tunashuka saa kumi na mbili asubuhi, ninao watatu, jirani yangu, yule dereva boda na mpwa wangu, wale vijana wa dagaa wako ziwani upande wa Ukerewe maana sasa hivi ni giza, hawarudi mpaka mwezi ukue. Akaangalia viatu vyake. Akasema magoti yanamsumbua, lakini ana kijana wake mkubwa nyumbani, atamuuliza.

Leo Jumanne. Sijapigiwa simu bado.